Uso Chini ya Lipu

Kariakoo, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Mjomba Beno,

Shikamoo. Mpe na Mama Brightness shikamoo yangu, umwambie dawa ya mguu nimeipata na kondakta anakuja nayo pamoja na barua hii. Huku hatujambo. Joto limezidi na umeme unakatika mchana wateja wakiwa dukani, lakini tunakula. Jacqueline ameanza kidato cha pili. Najua simu huisikii tena, na ile kubwa aliyokununulia Brightness umemrudishia ukisema haina pambizo ya kuandikia. Basi tuandikiane.

Tangu tumzike Babu Tarsis kule kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, ukoo uliniachia kazi ya kuondoa mali yake kwenye stoo ya Kariakoo. Nilikuwa naivuta. Sasa haivutiki: Jay, mtoto wa marehemu Mzee Girish, ameuza nyumba yote na mnunuzi anataka kupandisha ghorofa. Wapangaji wote tunatakiwa tuwe nje mwisho wa Mei.

Juzi nilichukua wapagazi wawili tukaanza kuhamisha marobota ya mashuka yaliyopangwa mpaka darini. Nyuma yake pakatokea picha, ukuta mzima. Mjomba, nimeingia stoo ile miaka yote hii na sikujua. Yesu ameketi kwenye ukingo wa kisima, na mwanamke mwenye ndoo amesimama mbele yake. Kisima chenyewe ni hiki cha uani kwetu, kilichofunikwa zege: gurudumu la chuma ni lile lile, na ukingo umemeguka upande wa jikoni. Mwanamke amevaa gauni la njano na kitenge kiunoni. Lakini hana uso. Mahali pa uso pamepigwa lipu, duara la ukubwa wa sahani.

Mpagazi mmoja akasema, "Dada, mama huyu kanuna mpaka uso umekimbia." Mwenzake akamjibu, "Hujamwona mke wangu wewe." Tukacheka. Mama Jyotsna, mjane wa Mzee Girish, alikuwa anapita na sufuria ya maziwa. Akachungulia mlangoni, akaiweka sufuria chini, akasema taratibu, "Angelina."

Nikamwuliza, "Mama, umesema nani?"

Akaiokota sufuria yake. "Muulize mjomba wako. Yeye ndiye mwalimu."

Mjomba, Angelina ni jina la mama yangu. Sina picha yake hata moja. Niliambiwa zote ziliungua. Jacqueline akiniuliza bibi yake alifananaje namwambia alikuwa mrefu, maana hilo tu ndilo nililowahi kuambiwa. Je, yule ukutani ni mama? Na kama ni yeye, uso wake umekwenda wapi? Nataka kuuona kabla nyumba haijavunjwa. Sina haja nyingine.

Mpwa wako akupendaye,
Theopista


Kibosho
29 Januari 2024

Mwanangu Theopista,

Marahaba. Dawa imefika na mguu wa Mama Brightness umepungua. Juzi alikwenda kanisani kwa miguu yake. Ndizi zimekubali mwaka huu. Kahawa hapana, kuna ugonjwa unaokausha matawi kuanzia nchani, na vijana hawana subira ya kupogoa. Kaburi la Babu yako tumelijengea. Padri ameahidi kulibariki baada ya Pasaka.

Umeuliza jambo la picha, nami nilifundisha sanaa na historia maisha yangu yote, kwa hiyo nivumilie nikueleze tangu mwanzo.

Nyumba ile ilikuwa ya baba yake Girish, Mhindu. Yeye na watu wake walikaa upande wa barabarani. Upande wa kushoto tulipanga sisi, Wakatoliki kutoka Kibosho. Upande wa kulia alipanga Adamu, Mwislamu, mchora mabango ya maduka. Kisima kilikuwa katikati ya ua, na maji yake yalikuwa baridi wakati visima vya majirani vilitoa chumvi. Kila upande ulikuwa na sababu yake ya kukiheshimu. Wahindu walisema Mama Khodiyar, mungu wao wa kike apandaye mamba, alimtokea bibi yao ndotoni akamwambia kwamba anakaa mle. Waislamu walisema kilichimbwa na mcha Mungu mmoja aliyekuwa akipita, ili watu wapate maji ya udhu. Kwetu, padri mmoja Mswisi alikibariki, tukawa tunateka maji yake kubatizia watoto. Wewe ulibatizwa kwa maji hayo. Hakuna aliyemwambia mwenzake aondoke.

Mwaka 1984 mwenye nyumba alipaka kuta upya, akamwambia kila mmoja apambe ukuta wa baraza lake (letu ndilo lililofanywa stoo baadaye) kama dini yake inavyotaka, mradi picha iwe ya kisima. Mchoraji wa kuta zote alikuwa Adamu. Baba alimwagiza habari ya Mwanamke Msamaria. Adamu hakuwa mtu wa kubuni sura. Alitaka mtu asimame mbele yake. Kwa Yesu alisimama fundi viatu mmoja wa mtaani aliyekuwa na ndevu nzuri. Kwa mwanamke alisimama dada yangu, mama yako.

Basi umepata jibu. Ni yeye. Uso uliharibiwa na unyevu, maana chokaa ya pwani hula rangi ya mafuta, na mtu akaziba pale palipoharibika. Usiubandue, hutakuta kitu. Mama yako alikufa kwa malaria iliyompanda kichwani, kama ulivyoambiwa tangu utoto, na alizikwa huko huko kwa sababu ya shida ya usafiri wakati ule.

Msalimie Jacqueline. Mwambie ni kweli, bibi yake alikuwa mrefu.

Mjomba wako,
Beno


Kariakoo
11 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mama Brightness anatembea. Jacqueline amepata mafua, nadhani ni vumbi la stoo, maana kila akitoka shule anakuja kunisaidia.

Umesema kuta zilikuwa tatu. Sikujua. Nilikwenda kwa Jay nikamwomba anifungulie mabaraza mengine mawili. Akasema, "Dada Theo, we vipi? Sisi tumeshasaini. Zile ni kuta za kuvunjwa." Nikamwambia nataka kuzitazama tu. Akanirushia funguo. "Haya, tazama mpaka uchoke, ila nge wakikuuma usinitafute."

Ukuta wa Kihindu uko nyuma ya mabati ya stoo ya vyombo. Ni mzuri kuliko wote. Kisima kimechorwa kama kimepasuliwa katikati, unaona mpaka chini, na Mama Khodiyar anapanda juu akiwa mgongoni mwa mamba, nguo nyekundu, mapambo ya dhahabu, kila kidole kina pete. Uso upo, pua ipo na kipini chake, midomo ipo. Macho hayapo. Mahali pa macho ni peupe kabisa. Hayakufutika, hayakuwahi kuchorwa.

Ukuta wa Adamu hauna mtu. Juu kuna aya kwa Kiarabu, maandishi yameviringana kama mawimbi. Chini kuna kisima, gurudumu, kamba imekunjwa vizuri na ndoo imelazwa. Na kwenye ukingo kuna kandambili za buluu, moja kando ya nyingine, zimeelekezwa kwenye maji. Mjomba, kandambili zile hazikuchorwa siku moja na picha. Rangi yake inang'aa kama ya bango, na chini yake unaona vumbi la zamani limebaki ndani ya rangi.

Kwa hiyo nina mwanamke asiye na uso, mungu asiye na macho, na viatu visivyo na mtu. Nilikaa kwenye zege la kisima nikazigeukia moja baada ya nyingine mpaka Mama Jyotsna akaniita nitoke juani. Wewe ulikuwepo siku zile. Nieleze.

Mpwa wako,
Theopista


Kibosho
20 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kukawia. Kwaresima imekuwa na shughuli nyingi, nimeombwa kuwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, na mvua zimeanza mapema. Mbuzi wa Brightness amezaa pacha. Natumaini mafua ya mtoto yamekwisha.

Swali lako ni la mwanafunzi mzuri, ila umechanganya mambo matatu ambayo kila moja lina maelezo yake. Kaa tuyatenganishe.

Watu wa dini tatu wakipewa kisima kimoja hawatachora kitu kimoja. Mhindu atamchora anayekaa ndani. Mkristo atawachora waliofika kando yake na walichoambiana. Mwislamu atachora maji, ukingo, na neno la Aliyeyaumba, kisha ataweka brashi chini. Hawapingani. Kila mmoja ameulizwa swali lake: nani anakaa hapa, nini kilitokea hapa, nani kaleta hiki.

Sasa macho. Kwa Wahindu sanamu au picha ya ibada si kumbukumbu, ni kiti. Mungu huja kukaa ndani yake na kukutazama. Kwa hiyo macho huchorwa mwisho kabisa, kwa siku maalumu, na aghalabu na mtu wao. Wapo wanaoshika kioo mbele ya picha wakati huo, ili mtazamo wa kwanza, ambao ni mkali mno, uangukie kwenye kioo na usimwangukie mtu. Adamu hakuwa Mhindu, kwa hiyo aliishia pale alipotakiwa kuishia. Pengine siku njema haikupatikana.

Viatu. Mwislamu huvua viatu anapotawadha. Adamu hakuchora viumbe hai kwenye ukuta wake mwenyewe, ingawa kwetu alichora kwa kuwa ilikuwa kazi ya mteja. Kiatu si kiumbe. Kwa kuchora viatu alisema: mtu yuko kwenye udhu. Ni njia ya adabu ya kuonyesha mja bila kumchora.

Uso nimekwisha kukueleza.

Usikae juani. Zege lile ni la zamani na chini yake pako wazi.

Mjomba wako,
Beno


Kariakoo
2 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pasaka tumekula salama. Jirani zetu bado wanafunga, kwa hiyo pilau tulilipika kimya kimya.

Maelezo yako niliyasoma nikiwa mbele ya kila ukuta. Ni mazuri, kila moja kwa peke yake. Yakikaa pamoja hayakubali. Kandambili zile ni za kike, Mjomba, na nyumba ya Adamu haikuwa na mwanamke. Kamba ya mguu wa kushoto imekatika ikashonwa kwa uzi mwekundu. Amechora mpaka fundo la uzi.

Nilimpelekea Mama Jyotsna mandazi, nikamwuliza viatu vile ni vya nani.

"Kunywa chai kwanza."

Nikanywa.

"Vya Angelina. Kamba ilimkatikia hapa uani, nikamshonea mimi kwa uzi wa sala. Tulicheka siku ile. Nilimwambia, sasa mungu wangu anakushika mguu."

Kisha akanieleza yote, akikunja upande wa sari yake na kuukunjua. Kwamba mama alisimama mbele ya Adamu siku nyingi na ndoo yake, na mchora mabango humtazama mtu kuliko hata mume anavyomtazama. Kwamba nilizaliwa mimi. Kwamba Adamu alikuja na mjomba wake kutoka Buguruni kumposa mama, akasema kila mtu abaki na dini yake, na Babu Tarsis akamjibu hapo hapo barazani, watu wote wakisikia, "Nilikupa ukuta. Sikukupa mtoto." Kwamba mtaani mama akipita na mimi mgongoni walikuwa wanasema, "Msamaria kashuka ukutani."

"Asubuhi moja aliamka, wewe hupo kitandani," akasema Mama Jyotsna. "Alibisha kila mlango. Kwangu alibisha akiwa hana mtandio. Babu yako akamwambia mtoto amekwenda Kibosho kulelewa na watu safi, na hatarudi. Alikaa pale ukingoni. Nikampelekea chai. Nikaingia ndani kumwogesha Jay. Nilipotoka, chai ilikuwa haijaguswa na viatu vilikuwa vimepangwa."

Nikamwuliza, "Nani alinichukua?"

"Nilisikia mlango tu alfajiri. Sikumwona mtu."

Babu hakutaka mwili upelekwe nyumbani. Padri hakuja. Waliomzika mama ni baba yake Girish na Adamu, na Mama Jyotsna hajui kaburi ni lipi. Mama mkwe wake akakataa macho ya mungu yafunguliwe juu ya maji yale. Babu akaagiza uso wa mama ufutwe ukutani wiki ile ile. Adamu akachora viatu, akafunga mizigo, akahamia Buguruni. Aliandika namba za magari kwenye gereji mpaka alipokufa. Alikuwa anakaa mwendo wa miguu kutoka hapa, Mjomba, na mimi nilikuwa nimeshaanza biashara Kariakoo. Huenda nilimpita njiani.

Kwa hiyo wewe ulikuwa sahihi. Kila ukuta ulijibu swali lake. Wa Adamu ulijibu nini kilitokea hapa, ingawa si kazi yake.

Nina swali moja. Mwaka ule ulikuwa chuo cha ualimu na ulikuja Dar likizo. Ulilala kwenye vyumba vile vile viwili vya Babu. Nani alinipandisha basi?

Theopista


Kariakoo
28 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo yako ipo pale pale, haihusiani na haya.

Kondakta ananiambia barua uliipokea mwenyewe mkononi. Basi ulishaisoma. Huku mvua imetufungia, Kariakoo maji mpaka magotini, na ukuta wa mama umeanza kutoka jasho. Jay anasema greda linaingia Jumatatu ya kwanza ya Juni.

Kama hutaki kunijibu, sawa. Nimenunua tindo na nyundo. Mwisho wa wiki nabandua lipu ile mwenyewe. Ukiwa umeniambia kweli kwamba hakuna kitu, sitakuwa nimeharibu chochote.

Theopista


Kibosho
6 Mei 2024

Theopista mwanangu,

Weka tindo chini. Nimemlipa dereva wa teksi aishushe barua hii stendi leo leo, naomba Mungu uwe hujaanza.

Mama Brightness anakusalimu. Hajui ninachoandika.

Sikiliza kwa makini. Lipu ile haina saruji, ni chokaa na mchanga tu, nyembamba, na haikupigwa juu ya rangi. Chini yake kuna kitambaa. Ni kipande cha shuka kilichobandikwa juu ya uso kwa gundi ya unga wa ngano, kabla lipu haijapakwa. Kwa hiyo usimwagie maji hata tone, gundi itayeyuka. Subiri mvua ikatike, washa jiko la mkaa humo ndani, mbali na ukuta, acha milango wazi ili moshi usikudhuru, pakauke kabisa. Kisha gongagonga lipu kwa kipande cha mti, si kwa chuma. Itapasuka na kuanguka, kwa maana chokaa haishiki vizuri kwenye kitambaa. Ukiona nguo, simama upumzike.

Unyevu wa miaka mingi utakuwa umeigeuza chokaa ya ukuta kuwa unga nyuma ya rangi. Tafuta kisu chembamba cha kukatia samaki, watu wa Feri wanavyo. Kipitishe nyuma ya rangi, kati yake na ukuta, polepole, kuanzia juu. Kitambaa kitatoka na rangi ikiwa imekishika. Hapo hutauona uso kama ulivyokuwa ukionekana. Utauona kwa nyuma, kushoto kukiwa kulia. Na kitakachokuwa mbele ni kile ambacho mchoraji alikiweka kwanza, maana kilichowekwa mwisho kimegeukia kitambaa. Wachoraji wengi huanza na umbo la kichwa. Adamu alianza na macho. Nilimwona. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nimeipindua, nikimshikia kopo la rangi, na nilimwuliza kwa nini. Akasema asipoanza na macho hajui anamchora nani.

Kuhusu basi. Siku hizo mabasi yalikuwa yanaondokea Mnazi Mmoja, kabla hapajapambazuka. Kulikuwa na baridi. Ulilala mpaka Mombo. Pale ukaamka ukataka maziwa.

Ukifanikiwa, kifunge kitambaa kwenye karatasi ngumu, bila kukikunja penye uso, unitumie kwa basi. Mimi najua jinsi ya kukihifadhi kisiharibike.

Beno


Kariakoo
1 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ilinikuta nimeshagonga tindo mara moja, pembeni. Niliacha. Nilikausha chumba kama ulivyosema, na jana nikafanya kazi. Mama Jyotsna alikaa juu ya robota la mwisho akinishikia taa. Jay alikuja kutazama, akasema, "Dada Theo, hiki nacho ni kitu gani tena?" Mama yake akamwambia, "Nyamaza. Huyu wa ukutani ndiye aliyekuwa anakubeba ukilia." Akatushikia ngazi mpaka mwisho.

Kitambaa ni shuka la duka la Babu, lina michirizi ya kijani ukingoni. Mende wameila gundi upande wa chini. Mdomo haupo, wala kidevu. Rangi ya hapo ilibaki ukutani ikawa unga mkononi mwangu. Lakini juu ilishika. Nilikigeuza kitambaa kwenye mwanga, na kama ulivyoniambia, macho yakawa ya kwanza.

Mama Jyotsna akatoka. Nilidhani amekwenda kulia. Akarudi na kioo kidogo chenye fremu ya shaba, kimefungwa kwenye kitambaa chekundu. Kilinunuliwa kwa ajili ya siku ya kumfungulia macho Mama Khodiyar, na siku hiyo haikufika, na hakuna aliyewahi kukitumia hata kuchania nywele. Akakishika mbele ya kitambaa. Kwenye kioo kulia kukawa kulia tena.

Hamtazami Yesu. Wala hatazami maji. Amegeuza macho kidogo kando, kwa mtu aliyekuwa akimchora, na unaona kabisa kwamba yuko karibu kucheka na amekatazwa kucheka. Ana kope fupi. Nyusi ya kushoto imepanda juu kuliko ya kulia, kama yangu. Hilo ungeweza kuniambia, Mjomba. Lisingekugharimu kitu.

Nilimwuliza Mama Jyotsna kama sasa wangependa kumfungulia mungu wao macho kabla ya Jumatatu. Akafikiri. Akasema, "Afungue aone nini? Greda? Alale." Kandambili nazo haziwezi kutolewa, rangi ya bango imekula mpaka ndani ya ukuta. Jacqueline amezipiga picha kwa simu. Nimemweleza ni za nani, na nani alizichora. Hakuuliza tena kama bibi yake alikuwa mrefu.

Nimekisoma kipande chako cha basi mara nyingi. Sikuwa nimeuliza kama kulikuwa na baridi. Najua pia kwamba uliporudi kutoka Kibosho uliagizwa kufuta uso ukaufunika badala ya kuufuta, na kwamba gundi ya ngano haijipiki yenyewe. Sijui niyaweke wapi mambo hayo mawili, yote yakiwa ya mtu mmoja. Sijapata mahali.

Kitambaa kiko chumbani kwangu, hapa tulipohamia, kimelazwa juu ya ubao, na kioo kando yake. Unasema nikitume ili ukihifadhi. Najua ungekihifadhi vizuri. Lakini ukitaka kumwona utakuja mwenyewe, na kitanda kipo, na Jacqueline atakupokea stendi. Mimi sitampandisha basi.

Theopista Adamu